Laki sita na nusu za pikapu: kisa cha gitaa la kwaya

Mwezi wa saba, Arusha ikiwa kwenye baridi yake ya kufunga vifungo vyote vya koti, alinijia mimi fundi wa magitaa kijana mpiga solo wa kwaya moja ya huku njia ya Namanga. Gitaa alikuwa amelifunga kwenye kitenge kwa sababu begi lake lilikwisha kuchanika. Nyuma yake alikuja mama mhazina wa kwaya, daftari kwapani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, na kabla sijauliza lolote akafungua daftari akanionyesha mstari mmoja: pikapu za gitaa kutoka Marekani, seti ya pikapu tatu, laki sita na nusu pamoja na usafiri na ushuru.

"Mwanangu," akaniambia, "mfukoni tuna laki saba. Hela hii ni ya maandazi, ni ya akina mama kuamka saa kumi za usiku. Kama hizo pikapu ndizo dawa, tutanunua. Kama sizo, niambie leo."

Kijana naye alikuwa na hoja zake. "Kaka, gitaa lenyewe la Kichina, pikapu zake za bei chee. Pale kanisani linasikika kama limefunikwa blanketi. Linavuma muda wote. Na tukiongeza sauti linapiga filimbi mpaka watu wanaziba masikio."

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lao naletewa mara kwa mara, na wengi huniletea wakiwa wameshalijibu wenyewe: pikapu za bei rahisi hazina sauti. Mimi naamini zina sauti, tena nyingi zina sauti nzuri, ila wengi wetu hatujawahi kuisikia kwa sababu inamezwa njiani kabla ya kufika kwenye spika. Sisemi kwamba kila lawama ni ya kusingiziwa. Katika pikapu za gitaa hili lilikuwamo kosa moja ambalo kweli lilitokana na kubana gharama kiwandani, na nitalieleza. Lakini lilikuwa moja kati ya mengi.

Kwanza tuelewane pikapu ni nini. Ni sumaku na waya. Waya ni wa shaba, mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mizunguko kuizunguka sumaku au vyuma vilivyoshikana na sumaku. Uzi wa gitaa ni wa chuma. Ukitikisika juu ya sumaku, unausumbua uga wake, na usumbufu huo unazalisha umeme mdogo ndani ya waya. Ni kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ndiyo inayoendesha hata majenereta ya mabwawa yetu. Pikapu za Fender Stratocaster, gitaa lililotoka mwaka 1954 na ambalo hili la kwaya ni nakala yake, zina mizunguko kama 8,000 ya waya, na nguzo sita za sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Nakala za bei rahisi mara nyingi hubadilisha hapo: nguzo zinakuwa za chuma cha kawaida, na chini yake inabandikwa sumaku ya bapa ya kauri, ile nyeusi kama ya mgongoni mwa spika. Kauri ni bei ndogo kuliko alniko. Nguzo za chuma zinaifanya koili, yaani ule waya uliozungushwa, iwe nzito kidogo, na sauti inapoteza kung'aa kwake kidogo, inanenepa katikati. Tofauti hiyo ipo na inasikika. Ila kuwa tofauti na kuwa mbaya si jambo moja.

Nililikuta nini mezani

Nililichomeka gitaa kwenye amplifaya yangu ndogo ya gitaa, waya wa mita tatu. Kitu cha kwanza kunishtua: blanketi halikuwapo. Uzi wa kwanza na wa pili zililia safi, tena kwa ukali wa kupendeza kwenye pikapu ya nyuma, ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Kijana alinitazama kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali na homa ikapoa mlangoni.

Lakini nyuzi za chini, kuanzia ya tatu mpaka ya sita, zilikuwa dhaifu, kana kwamba zinapigwa chumba cha pili. Niliinamisha gitaa kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi nne zilizosokotwa zilikuwa na wekundu wa shaba. Ni nyuzi za gitaa kavu, zilizosokotwa kwa bronzi. Bronzi haina habari na sumaku. Pikapu inaisikia ile roho nyembamba ya chuma iliyomo katikati tu, na mzigo wote wa bronzi unaozunguka hauchangii chochote. Nyuzi mbili za juu ni chuma kitupu, kwa hiyo zenyewe zilisikika kama kawaida. Ukitaka kujua nyuzi ulizonazo, rangi inatosha kukuambia: za gitaa la umeme zina weupe wa chuma au nikeli, za gitaa kavu zina wekundu au unjano.

"Nani alifunga hizi?"

"Mimi, kaka. Duka liliniambia nyuzi ni nyuzi."

Sikumlaumu. Naye alikuwa ameshindana na nyuzi hizo mwaka mzima, akikandamiza kwa nguvu ili zisikike, na vidole vyake vilikuwa na magamba ya kuonyesha hilo.

Uvumaji niliupata kwa njia ya zamani. Gitaa likivuma, shika nyuzi kwa kiganja: mvumo ukipungua, waya wa athi unaotoka kwenye daraja uko salama. Hapa haukupungua hata kidogo. Nikafungua kifuniko cha nyuma cha springi, nikaukuta waya mweusi umening'inia, risasi yake imeachia, pengine zamani sana. Kuuchomea upya ni kazi ya dakika tano. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na koili moja isiyokuwa na mwenzake wa kuupinga itaudaka tu. Hiyo ni tabia ya pikapu zote za koili moja, ziwe za elfu kumi au za laki tatu. Kinachowezekana ni kuupunguza, na ndani ya gitaa hili hapakuwa na kinga yoyote, mbao tupu. Niliweka karatasi ya shaba yenye gundi kwenye shimo lote na nyuma ya ubao wa plastiki, nikaiunganisha na athi.

Swichi ilikuwa inakwaruza, voliumu zilikuwa zinakatikakatika. Nikabadilisha zote. Hapo ndipo viwanda vya bei rahisi vinapobana kweli, kwenye vitu vinavyosogea, na ndipo mpigaji anapoumia jukwaani huku akiitukana pikapu isiyosogea popote.

Kisha maltimita, kile kipimo cha umeme. Pikapu ya mbele ilisoma kiloomu 5.8 za ukinzani wa umeme, ya nyuma 6.3. Ni za kawaida kabisa kwa aina hii. Ya katikati haikusoma kitu: waya umekatika ndani, koili imekufa. Kijana hakuwahi kujua, maana swichi ilikuwa imechakaa na yeye hupiga kwa pikapu ya nyuma tu.

Hapo tulihitaji pikapu mpya, moja. Nilishuka mjini, kwenye duka linalouza vipuri vya magitaa pamoja na nyuzi za violini na ngozi za ngoma, wakanitolea boksi la pikapu za elfu kumi na mbili. Nilikuwa nimebeba maltimita mfukoni na nikaomba ruhusa ya kupima. Ya kwanza ilisoma 6.1. Ya pili 5.2. Ya tatu haikusoma kabisa, ilikuwa maiti ndani ya nailoni yake. Muuzaji aliitoa pembeni bila ugomvi. Tukio hilo la dukani lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Unapolipa hela nyingi, sehemu kubwa ya unachonunua ni uhakika: kwamba kila moja imepimwa, na ya leo inafanana na ya mwaka jana. Kwenye boksi la elfu kumi na mbili, kazi hiyo ya kupima unaifanya wewe. Ukiifanya, unaweza kutoka na kitu kizuri. Usipoifanya, unacheza bahati nasibu.

Nilichukua ya 6.1. Nilipoifunga, kila pikapu peke yake ililia vizuri, lakini nikiweka swichi kwenye mchanganyiko wa katikati na nyuma, sauti ilikonda, ikawa ya puani, besi yote ikatoweka. Ni dalili kwamba zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Kijana akashika kichwa. "Si nilisema, kaka?" Nikamwomba simu yake, nikafungua dira, nikaisogeza juu ya nguzo za pikapu ya nyuma, sindano ikageukia upande mmoja, juu ya ile mpya, ikageukia upande wa pili. Sumaku zake zilikuwa zimegeuzwa. Nikabadilishana nyaya zake mbili, ya moto ikawa ya athi na ya athi ikawa ya moto. Sauti ikajaa. Na kuna zawadi tuliyoipata bila kuitafuta: pikapu mbili zenye sumaku zilizogeukiana, zikiunganishwa hivyo, mvumo wa moja unaua mvumo wa nyingine. Kwenye zile nafasi mbili za mchanganyiko gitaa likanyamaza kimya kabisa. Magitaa ya gharama hutengenezwa hivyo kwa makusudi.

Mwisho nikashusha pikapu zote, kwa sababu zilikuwa zimepandishwa mpaka karibu zinagusa nyuzi. Watu wengi huzipandisha wakitafuta nguvu. Sumaku ikiwa karibu mno inaung'ang'ania uzi, na noti za juu shingoni zinapotoka kama zimelewa. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, kile chuma cha shingoni kilicho karibu zaidi na pikapu, acha kama milimita 2 upande wa uzi mnene na pungufu kidogo ya hapo upande wa uzi mwembamba, kisha sikiliza. Inachukua bisibisi na dakika kumi, bila kununua chochote.

Blanketi lilikuwa kanisani

Bado swali kubwa lilibaki. Kwangu lilikuwa halina blanketi hata kabla sijaligusa. Kwa nini kanisani linalo? Jumamosi ya mazoezi nilipanda daladala nikaenda kusikiliza kwenye kiti cha mgonjwa.

Jibu lilikuwa sakafuni. Waya wa mita kumi umetoka kwenye gitaa, umepita chini ya zulia la madhabahu, umekwenda moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti zote, kwenye tundu la laini. Hakuna amplifaya ya gitaa, hakuna kitu chochote katikati.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana hapa ndipo laki sita na nusu zilipotaka kupotea. Koili ya pikapu haikinzi umeme kwa kiwango kimoja. Kwa sauti nene inakinza kidogo, kwa sauti nyembamba inakinza sana. Koili ya henri 2.5 (henri ni kipimo cha koili), ambayo ndiyo ya kawaida kwa pikapu hizi, kwenye hertz 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, inakinza kama kiloomu sita na nusu tu pamoja na ule ukinzani wa waya wenyewe. Kwenye hertz 3,000, pale penye ule mng'ao wa kucha juu ya uzi, inakinza kama kiloomu 47. Amplifaya ya gitaa inaipokea kwa mlango wa kiloomu 1,000, mlango mpana usiojali tofauti hiyo. Tundu la laini la mikisa huwa na kiloomu 10 mpaka 20 tu. Maana yake sehemu kubwa ya sauti nene inapita, na sehemu kubwa ya mng'ao inaliwa mlangoni. Unabaki na gitaa lenye blanketi.

Waya nao unachangia. Kila mita ya waya wa gitaa ina tabia ya kuhifadhi chaji, kiasi cha pikofaradi 100. Koili na chaji hiyo vikikutana vinatengeneza kilele, yaani sauti fulani inayonyanyuka kuliko nyingine, na hicho kilele ndicho sura ya pikapu, ndicho kinachokufanya useme hii inang'aa na ile imefifia. Kwa waya wa mita tatu, pikapu hii kilele chake kiko karibu na hertz 5,000. Kwa waya wa mita kumi kinateremka mpaka karibu na 3,000. Pikapu ni ile ile. Mtu anayetafuta pikapu "yenye kung'aa zaidi" huku anatumia waya wa mita kumi anajaza ndoo iliyotoboka. Na kwenye tundu lile la laini hata hicho kilele hakisimami, kinasawazishwa chote.

Kwa kijana huyu mng'ao ulikuwa na uzito wa pekee. Anapiga solo kwa mtindo wa dansi, nyepesi, safi, bila kukwaruza, vidole vinazungumza na gitaa la ridhimu kama watu wawili wanaopokezana maneno. Mji huu una historia na upigaji huo: mwaka 1970 Wilson na George Kinyonga walihama kutoka Tanga wakaunda hapa bendi ya Arusha Jazz, kabla hawajavuka mpaka kwenda Kenya kuanzisha Simba Wanyika. Mpiga roki anaweza kujificha nyuma ya mkwaruzo. Solo ya dansi haina pa kujificha. Noti isipong'aa, haipo.

Nilikuwa nimebeba DI boksi ya kutumia betri, kidude cha kuwekwa kati ya gitaa na mikisa, chenye mlango mpana upande wa gitaa. Nikakiweka miguuni pa kijana, waya wa mita tatu kutoka kwenye gitaa hadi kwenye kidude, na kutoka hapo waya wa maiki ukaenda kwenye mikisa hata kama ni mbali, kwa sababu baada ya kidude urefu haudhuru tena. Mikisa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z kwenye njia moja, nacho hufanya kazi hiyo hiyo; yao haikuwa nacho.

Alipopiga, mwalimu wa kwaya aliyekuwa amegeukia sauti ya tatu aligeuka akatuangalia. Hakuna aliyesema kitu. Kijana alirudia kipande kile kile mara tatu, akaacha, akaangalia gitaa lake.

Kosa ambalo lilikuwa la kweli

Filimbi haikuondoka. Tulipopandisha sauti mpaka kiwango cha ibada, pikapu ya nyuma ililia yenyewe, hata nyuzi zikiwa zimezibwa kwa kiganja. Nikaigongagonga kwa ukucha, na ukucha ukasikika kwenye spika kama ninagonga maiki. Hii ndiyo hukumu dhidi ya kiwanda. Waya wa koili unapozungushwa bila kukazana vizuri, mizunguko inaweza kutikisika ndani; spika ikivuma, koili inatetemeka, inazalisha sauti, spika inaitoa, koili inatetemeka zaidi. Dawa yake inajulikana: koili inazamishwa kwenye nta ya moto ili iingie katikati ya mizunguko na kuigandisha. Ni hatua inayokula muda, na kiwanda kinachobana gharama kinairuka.

Hatua hiyo tuliifanya jikoni kwangu, kijana akiwa amekaa kwenye kigoda. Mishumaa ya kawaida ya parafini, kwenye bakuli dogo la bati, bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta juu ya moto wenyewe kamwe, inawaka. Nilishika kipimajoto cha jikoni na kuzuia nyuzijoto zisizidi 65, kwa sababu kiunzi cha pikapu ni plastiki na kikipinda, ndiyo basi. Nikaitumbukiza ikining'inia kwa nyaya zake.

Vilianza kutoka vipovu. Vidogo kama vichwa vya pini, mstari mmoja ukipanda kutoka kona ya koili, kisha kona ya pili, vingine vinachelewa, vinatulia, vinatoka tena. Kila kipovu ni hewa iliyokuwa imekaa kati ya mzunguko na mzunguko, na kila kinapotoka, nta inachukua nafasi yake. Kijana alivihesabu mpaka akachoka. Baada ya dakika ishirini hivi vikaisha. Nikaitoa, nikaifuta, nikaiacha ipoe juu ya gazeti. Kwenye mazoezi yaliyofuata tulipandisha sauti mpaka mama mmoja wa sauti ya kwanza akaomba tupunguze. Filimbi haikuja.

Kwa hiyo kosa lilikuwepo, lilikuwa la bei, na lilitibiwa kwa mishumaa ya shilingi elfu moja.

Pazia

Nilijua kijana hajaridhika. Aliogopa kwamba tumelitengeneza gitaa la kimaskini likawa la kimaskini lisilovuma. Nikamwambia tusibishane, tusikilize. Ninao ubao wa plastiki wenye pikapu za Marekani za alniko nilizonunua miaka iliyopita, umeshafungwa nyaya tayari, na matundu yake yanalingana na gitaa lake. Kubadilisha ni kulegeza nyuzi, kufungua skrubu kumi na moja, na kuchomea nyaya chache. Tulitundika kitenge kile kile cha kubebea gitaa katikati ya chumba. Nyuma yake nilipiga mimi, maana yeye nilimtaka asikilize. Mbele walikaa yeye, mpiga besi, mwalimu wa kwaya na mama mhazina. Watu wanne hawatoshi kuuthibitishia ulimwengu kitu chochote, lakini ndio walioshika hela.

Niliwarekodia kwa kidude kile kile, waya ule ule, nyuzi mpya zile zile, kisha nikasawazisha sauti ziwe sawa kwa ukubwa kabla ya kuwachezea. Hili la kusawazisha ukiliacha, jaribio halina maana: sikio la binadamu huipenda inayosikika kubwa zaidi, hata kama ni kidogo tu.

Wote walisikia kwamba kuna tofauti. Hapo hakuna ubishi, na anayesema pikapu zote ni sawa anakosea. Lakini walipoulizwa ipi nzuri, waligawanyika. Kwenye pikapu ya mbele, kijana na mwalimu walichagua ile ya Marekani. Ilikuwa na uwazi fulani kwenye nyuzi nene, kila uzi umejitenga. Mimi pia ningeichagua. Kwenye pikapu ya nyuma watatu kati ya wanne, kijana akiwamo, walichagua ile ya kiwandani iliyotoka kwenye nta. Mpiga besi alisema ile nyingine "inachoma". Unene ule wa katikati unaoletwa na nguzo za chuma, unaosemwa kuwa kasoro, pale nyuma uligeuka kuwa nyama. Mama mhazina alisema zote zinamtukuza Mungu, akaomba chai.

Nilipofungua kitenge na kumwambia ipi ilikuwa ipi, kijana alinyamaza muda mrefu. Nikamweleza habari za Nathan Daniel wa Marekani, mtu wa Danelectro, aliyefunga pikapu zake ndani ya vikopo vya rangi ya mdomo ili kupunguza gharama. Magitaa yake yaliuzwa kwenye maduka ya Sears kama bidhaa ya mwenye kipato kidogo, na baadaye mpiga gitaa Jimmy Page akapanda na moja lao jukwaani na bendi yake ya roki, Led Zeppelin. Nikamweleza na mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder, aliyepachika pikapu ya Kijapani ya Teisco, ya gitaa la bei chee, kwenye Stratocaster yake kwa sababu aliipenda sauti. Na zile za Gibson za koili mbili alizobuni Seth Lover, hataza yake ikaombwa mwaka 1955, ambazo leo watu huziuza kwa bei ya gari: mizunguko yake haikulingana, ukipima mbili unapata namba mbili. Sikumwambia haya ili kumfariji. Nilitaka ajue kwamba sikio lake halijamdanganya.

Hesabu niliyomwandikia mama ilikuwa hivi: nyuzi za umeme elfu kumi na nane, DI boksi elfu tisini na tano, karatasi ya shaba elfu nane, swichi na voliumu elfu kumi na tano, waya mfupi elfu ishirini na mbili, pikapu ya katikati elfu kumi na mbili, mishumaa elfu moja, na ufundi wangu elfu arobaini. Jumla laki mbili na elfu kumi na moja. Aliipitia mara mbili kwa kalamu, akauliza kama mishumaa iliyobaki nimeirudisha. Nilikuwa nimeirudisha.

Kijana bado anaitaka ile pikapu ya mbele ya Marekani, moja tu, na nimemwambia siku akiwa na hela yake mwenyewe nitamfungia bila malipo, kwa sababu pale nilisikia alichosikia.

Kabla sijafunga skrubu ya mwisho mama alinizuia. Alitaka fundi atakayekuja baada yangu asianze gizani. Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika: mbele 5.8, katikati 6.1 sumaku imegeuzwa, nyuma 6.3 imetiwa nta, nyuzi za nikeli tu. Nikakibandika ndani ya shimo la gitaa, juu ya shaba, nikafunga.